Tunaorekodi sauti za kawaida za jiji kubwa tukutane hapa

#1 Mleta uzi

Habari za wakati huu wakuu.

Nimekuwa nikirekodi sauti za mjini kwa muda mrefu, na kila nikilitaja hilo naulizwa narekodi nini hasa. Mtu anategemea nitaje tamasha, au mkutano wa hadhara, au ndege adimu aliyejificha bustanini. Jibu langu huwa: basi likifika kituoni. Lango la chuma la duka likisukumwa juu alfajiri. Jenereta. Lifti. Watu wawili wakiitana kutoka ng'ambo moja ya barabara hadi nyingine huku magari yakipita katikati. Sauti ambazo ukimuuliza mkazi wa hapo kama amezisikia leo, lazima afikirie kwanza.

Hoja yangu ni moja. Hotuba, muziki na mechi vina watu wanaolipwa kuvirekodi. Sauti ya kawaida haina mwenyewe. Ipo kila siku, kwa hiyo kila mtu anaamini na kesho itakuwepo, na ikikoma hakuna anayejua ilikoma lini. Fikirieni ofisi zilizojaa mashine za chapa. Watu wasiohesabika walifanya kazi ndani ya mlio ule miaka na miaka, lakini rekodi ndefu ya asubuhi ya kawaida katika ofisi kama hiyo ni ya kutafuta kwa tochi. Tunachosikia kwenye filamu mara nyingi kimetengenezwa baadaye studio.

Sasa hivi tuko katikati ya mabadiliko makubwa kuliko hayo. Kwa zaidi ya miaka 100 mngurumo wa injini za mafuta ndio umekuwa sakafu ya sauti ya kila jiji. Sauti nyingine zote zimesimama juu yake. Gari la umeme likienda polepole ni kama halisikiki, kiasi kwamba Umoja wa Ulaya umelazimisha magari hayo yafungwe kifaa cha kutoa sauti hadi mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Sharti lilianza Julai 2019 kwa aina mpya za magari, na Julai 2021 likawa kwa magari yote mapya ya umeme. Mwendo ukiongezeka, tairi zenyewe ndizo zinazopiga kelele. Kwa hiyo sisi tulio hai leo tunasikia sauti moja ya dunia ikiondoka na nyingine, iliyobuniwa na watu mezani, ikiingia. Nani kati yetu ana rekodi safi ya makutano ya barabara ya leo, nusu saa nzima, bila muziki juu yake na bila mtu kuongea?

Nitoe mfano wa basi, maana wengi hudhani basi ni "vuuum" basi. Sikilizeni likija. Kwanza tairi juu ya lami, sauti pana isiyo na umbo. Kisha breki, filimbi nyembamba inayoshuka kadiri mwendo unavyopungua, na mara nyingi inakatika kabla basi halijasimama kabisa. Hewa ya mfumo wa breki inaachiwa: pshhh. Mlango. Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote: injini inatulia kwenye mzunguko wa chini, na kioo kimoja kilicholegea kinaanza kutetemeka kwa kufuata mzunguko huo. Dereva akikanyaga mafuta kidogo, kioo kinanyamaza. Akiachia, kinaanza tena. Abiria aliyeegemea kioo hicho anaijua sauti hiyo mwilini mwake. Basi la umeme halitakuwa nayo.

Nawakaribisha wote: wenye vifaa, wasio na vifaa, wanaopinga. Tuseme.

#2 Mdau

Mkuu, uzi mzuri, nimeweka kambi. Swali la haraka: simu inatosha? Maana ukiingia kwenye video za wataalamu unaonyeshwa mitambo ya kufa mtu, unakata tamaa hata hujaanza.

#3 Mleta uzi

Simu inatosha kuanzia, ila uijue tabia yake. Simu imetengenezwa kunasa sauti ya mtu anayeongea karibu na kufuta kila kilicho nyuma yake. Sasa wewe unachotaka ni hicho kilicho nyuma. Programu nyingi za simu zinapandisha na kushusha kiwango zenyewe: kukiwa kimya zinavuta juu, gari likipita zinabana. Matokeo yake usiku wa manane na saa sita mchana vinasikika kwa ukubwa uleule, na huo ni uongo. Tafuta programu inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo na inayohifadhi kwa WAV, faili inayobakisha sauti yote, badala ya MP3, inayotupa sehemu yake ili faili iwe ndogo. Weka simu kwenye hali ya ndege. Usiishike mkononi, ilaze juu ya kitu kilichotulia, hata begi lililokunjwa, kwa sababu kidole kikisugua ganda la simu kinasikika kama tetemeko.

Ukipata rekoda ndogo ya mkononi yenye maikrofoni mbili, maisha yanabadilika. Kwenye mpangilio wa ubora wa sauti weka 48 kHz, biti 24. Stereo kwa kiwango hicho inakula takriban MB 17 kwa dakika, yaani GB 1 hivi kwa saa, kwa hiyo kadi ya kawaida inabeba siku nzima. Rekebisha kiwango ili sauti kubwa kabisa unayoitarajia ifike karibu desibeli -12 kwenye kipimo cha rekoda, ambako dari ni 0, ubaki na nafasi ya honi ya ghafla. Honi ikigonga dari ikapasuka, hakuna programu itakayoirudisha.

Adui mkubwa ni upepo. Sifongo inayokuja na kifaa inafaa ndani ya nyumba na kwenye upepo mdogo tu. Nje unahitaji kile kifuniko cha manyoya marefu. Manyoya yanavunja mwendo wa hewa kabla haujafika kwenye maikrofoni. Huna? Tafuta kona ya ukuta, kaa upande usiopigwa na upepo.

Na uvae hedifoni walau dakika za mwanzo. Sikio lako linachuja bila kukuuliza, maikrofoni haichuji. Kiyoyozi ambacho hukukisikia kabisa utakikuta kimejaa kwenye rekodi nzima.

#4 Mdau

Nitakuwa tofauti kidogo, mleta uzi usinielewe vibaya. Mimi naishi juu ya barabara kubwa. Hizi unazoziita sauti ndizo zinazoninyima usingizi. Mwaka 2018 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 53, kwa kipimo cha saa 24 kinachoipa jioni na usiku uzito zaidi. Kwangu hata dirisha likifungwa sidhani kama tunafika huko. Kelele inapandisha shinikizo la damu, inaharibu usingizi, watoto wanashindwa kusoma. Kuirekodi kwa mapenzi ni kuisifia sumu.

#5 Mleta uzi

Ndugu, hoja yako ni nzito na siipingi. Lakini angalia historia: watu waliopigana na kelele ndio walioonyesha kwa nini rekodi inahitajika.

New York mwaka 1929 iliunda tume ya kupunguza kelele. Walizungusha gari lenye vipimo mitaani, wakachapisha dodoso magazetini, na zaidi ya watu 11,000 wakajibu. Ilibaki ripoti yenye namba na barua nyingi za malalamiko. Barua hizo ni hazina, lakini barua haina sauti. Mwanahistoria Emily Thompson, aliyetaka kuturudisha masikioni mwa watu wa enzi hizo, ilibidi aziunganishe na vipande vya filamu za habari vya miaka hiyohiyo. Kazi yake iliwekwa mtandaoni mwaka 2013. Kama wale wapiga picha za habari wasingekuwa wameanza kunasa na sauti, tungebaki na desibeli kwenye karatasi.

R. Murray Schafer, mtunzi wa Kanada ambaye kila anayefanya kazi hii anapitia mlangoni kwake, naye alianza kwa kuchukizwa na kelele. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, karibu na Vancouver, na kundi lake likazunguka jiji hilo na rekoda. Mwaka 1973 walitoa rekodi zao: honi za meli, kengele, bandari, barabara. Miaka ya 1990 waliofuata baada yake walirudi Vancouver kurekodi upya, na sasa mtu anaweza kuisikiliza miji miwili iliyo mji mmoja. Huwezi kudai kwamba jiji limezidi kelele, au limetulia, kama huna cha kulinganisha nacho isipokuwa kumbukumbu ya bibi na babu.

Mfano wa karibuni zaidi. Mwaka 2020 majiji yaliponyamaza kwa sababu ya korona, watafiti kule San Francisco waligundua kuwa ndege wadogo waitwao shorewanda wenye utosi mweupe waliimba kwa sauti ya chini kuliko zamani, lakini wakasikika mbali zaidi, na nyimbo zao zikawa bora. Walijuaje? Kwa sababu walikuwa na rekodi za ndege wa aina hiyohiyo, maeneo yaleyale, za miaka ya kabla. Aliyerekodi miaka ile hakujua kwamba janga linakuja.

Kwa hiyo rekodi barabara yako, ndugu yangu. Rekodi saa nane usiku, dirisha likiwa wazi na likiwa limefungwa. Anayetetea usingizi wako mbele ya wahusika akiwa na sauti hiyo mkononi atasikilizwa tofauti na anayesoma namba.

#6 Mdau

Wakuu, mimi sioni. Nachangia kwa sababu mjadala huu kwangu ndio njia ya kwenda kazini.

Kuvuka barabara: sisikilizi gari moja moja, nasikiliza mtiririko. Magari yanayokwenda sambamba na mimi yakiondoka kwa pamoja, ule mngurumo wa kuanza, najua yale yanayonikatiza yamesimama, naondoka nayo. Gari la umeme likiwa la kwanza kwenye foleni, mtiririko unaanza bila kichwa, na ndipo ninapobaki nimesimama. Hicho kifaa alichokitaja mleta uzi hakikuja kwa bahati. Watu wasioona walikidai kwa miaka mingi.

Kutambua mahali: ukuta una sauti. Natembea kando ya jengo, ncha ya fimbo inagonga, mwangwi unarudi karibu na sikio langu la kushoto. Jengo likiisha, upande ule unafunguka, kama mtu kafungua mlango. Hapo najua nimefika kwenye uchochoro. Jengo likibomolewa, mimi napotea, hata kama mtaa umebaki na jina lake.

Ombi langu kwa mnaorekodi: rekodi nyingi ninazozisikia zimechukuliwa juu, kutoka kwenye roshani. Kutoka kule jiji lote ni mvumo mmoja. Shukeni. Rekodini kwenye kimo cha sikio la mtu anayetembea, na mtembee polepole, mpite karibu na kuta, mwingie chini ya paa na kutoka. Hapo ndipo mji unapata umbo.

#7 Mleta uzi

Mchango namba 6 ndio uliostahili kuwa namba 1. Asante sana.

Kiufundi anachokisema kina msingi. Mahali palipo wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili kutoka kwenye chanzo, sauti inashuka kwa desibeli 6 hivi. Ukiwa ghorofa ya saba, muuzaji aliye chini yako na lori lililo mitaa miwili mbele vinakufikia karibu sawa, vyote vimefifia. Ukiwa chini, mtu aliye hatua mbili kutoka kwako na yule aliye hatua ishirini wana ukubwa tofauti kabisa, na sikio linajenga ramani kutokana na tofauti hiyo. Maikrofoni ndogo zinazovaliwa masikioni zinanasa na ule ucheleweshaji mdogo kati ya sikio moja na lingine, na msikilizaji mwenye hedifoni anajua kabisa basi limepita kushoto kwake.

Roshani nayo ina kazi yake, hasa usiku. Usiku ulio shwari, hewa ya chini ikipoa kuliko ya juu, sauti hupinda kurudi ardhini badala ya kupotea angani, ndiyo maana treni ya mbali usiyoisikia mchana unaisikia saa tisa usiku. Hapo kaa juu na uiache rekoda ifanye kazi.

#8 Mdau

Mimi ni mtu wa nyaraka, nimefanya kazi ya kuhifadhi mikanda ya sauti sehemu kubwa ya maisha yangu. Naomba niwe mkali kidogo: rekodi isiyo na maelezo ni nusu takataka. Nimeshika mikanda yenye sauti nzuri ajabu, soko zima linasikika, na kwenye ganda pameandikwa "sokoni". Soko gani? Mwaka gani? Saa ngapi? Aliyejua keshafariki.

Andikeni: tarehe, saa ya kuanza, mahali kwa usahihi wa mita chache, maikrofoni ilielekea wapi, hali ya hewa, kifaa, na nini kilitokea ndani yake. Tena yasemeni kwa mdomo mwanzoni mwa rekodi. Faili hubadilishwa jina, daftari hupotea, lakini sauti yako ikitaja tarehe ndani ya faili itakwenda nayo popote. Msirekodi MP3 mkidhani mtabadilisha baadaye, kilichotupwa kimetupwa. Nakala ziwe mbili au tatu, zisikae nyumba moja.

Faida ya maelezo inaonekana kwenye Freesound, hazina ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2005 na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona. Watu wa kawaida walipandisha sauti za kawaida: honi, mbwa, watoto wakicheza, kiyoyozi, ving'ora. Mwaka 2014 watafiti wa New York wakachukua humo vipande 8,732 vya sauti za mjini, wakavipanga katika makundi 10, na hadi leo watafiti wanavitumia kufundishia kompyuta kutofautisha sauti za jiji. Aliyerekodi kiyoyozi cha jirani yake akaandika "kiyoyozi, nje ya dirisha" alichangia bila kujua. Asiyeandika kitu hakuchangia.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Umeme wa gridi unavuma, mara 50 kwa sekunde katika nchi nyingi, 60 kwingine kama Marekani. Mvumo huo haukai palepale. Unapanda na kushuka kidogo sana saa zote, na kwa gridi nzima unapanda na kushuka kwa pamoja. Rekodi nyingi zinaunasa bila kukusudia. Wachunguzi wa makosa ya jinai wanaulinganisha na kumbukumbu za gridi na kujua rekodi ilifanyika lini, au kama imekatwa katikati. Kwa hiyo ule mvumo mnaokimbilia kuufuta ni muhuri wa tarehe. Msiufute kwenye nakala mama.

#9 Mdau

Namba 8 kanikosha. Lakini hakuna aliyegusa suala la watu. Mnarekodi mitaani, watu wanaongea mambo yao: mtu anagombana na mwenzake kwenye simu, mwingine analia. Hawajui kama mnarekodi. Hii imekaaje? Binafsi nikijua kuna mtu kakaa kituoni ananasa maongezi yangu, hatuachani vizuri.

#10 Mleta uzi

Una haki ya kuuliza, na nisingependa lipite juu juu.

Sheria zinatofautiana nchi na nchi, kila mtu asome za kwake. Kuna kwingine kunasa maongezi ya watu bila wao kujua ni kosa hata ukiwa barabarani. Lakini hata pale sheria inaporuhusu, mimi nina mpaka wangu. Sisogei karibu na watu wawili wanaoongea. Umati ukiwa mzito maneno yanayeyuka na kubaki sauti ya umati, na hiyo ndiyo naitaka. Maongezi yakisikika waziwazi naondoka hapo, na yakishaingia, sehemu hiyo haipandi mtandaoni. Kifaa changu kinaonekana, sikifichi. Mtu akiuliza nafanya nini namweleza na kumpa hedifoni asikilize. Akisema hataki, nafuta mbele yake.

Anayetangaza bidhaa kwa sauti yake ni suala jingine tena. Ule wito ni kazi yake. Ameutunga, anaujua mdundo wake, wateja wanamtambua kwao. Huyo namuomba ruhusa na kumuuliza kama anataka jina lake litajwe. Emeka Ogboh, msanii wa Nigeria, amejenga kazi nzima kutokana na Lagos: makonda wa danfo, yale mabasi madogo ya abiria ya kule, wakitaja vituo, honi, wachuuzi, jenereta. Amezipigisha sauti hizo kwenye maonyesho Ulaya, na watu wa kule wakasimama ndani ya kituo cha mabasi cha Lagos bila kukiona. Sauti za makonda zikiondoka hapo, kazi ile haipo.

#11 Mdau

Kwenye nakala ya kuhifadhi mimi sikubaliani na kufuta. Hifadhi yote, funga miaka 50, wapewe watakaokuja. Maongezi ya watu wa kawaida ndiyo jiji lenyewe. Leo tungelipa kiasi gani kusikia wapita njia wa mwaka 1900 wakibishana kuhusu nauli?

#12 Mleta uzi

Namba 11, taasisi yenye kabati la kufungwa na sheria ya kulifungua inaweza kufanya hivyo. Mtu mmoja mwenye kompyuta nyumbani hawezi kuahidi miaka 50. Hapo sitakufuata.

#13 Mdau

Mkuu, kuna mtu yeyote mashuhuri aliyefanya hili kwa dhati? Nikimweleza mzee nyumbani anaona nimechanganyikiwa.

#14 Mleta uzi

Mwambie wapo, tena wa siku nyingi.

Mwaka 1930 Mjerumani Walter Ruttmann alitengeneza kazi ya dakika 11 hivi kuhusu wikendi ya Berlin, ikiwa sauti tupu. Wakati huo hakukuwa na tepu za kukata na kuunga, kwa hiyo alinasa kwenye mkanda wa filamu na kuukata kama mtu wa sinema, ila picha hakuna: mashine za kazini zinazimwa, treni inaondoka, kengele, jogoo.

Mwaka 1944 Halim El-Dabh, kijana wa Kimisri, aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio Kairo, mtambo mzito, akaingia nao mjini na kurekodi zaari, ibada ya akina mama ya kutuliza pepo, kisha akaichezea studio mpaka ikabaki mwangwi wa sauti zao. Heshima ya kuwa wa kwanza kutunga muziki kwa sauti zilizorekodiwa, vitabu vingi humpa Mfaransa Pierre Schaeffer, aliyetumia treni za stesheni ya Batignolles, Paris, mwaka 1948. Kairo ilitangulia kwa miaka minne, na inafaa isemwe kila mara.

Kwangu mimi aliyegusa kiini ni Tony Schwartz wa New York. Alikuwa na hofu ya kutoka kwenda mbali, basi akarekodi alipoishi: eneo la posta namba 19. Watoto wakiruka kamba, madereva wa teksi, wenye maduka, mafundi. Mwaka 1954 yakatoka kwenye santuri iliyobeba namba hiyohiyo ya posta. Mwaka 2007 Maktaba ya Bunge la Marekani ilichukua mkusanyiko wake. Mtu asiyevuka mtaa wake kaingia kwenye hazina ya taifa.

Na serikali nazo zimefika huko. Japani mwaka 1996, kupitia idara yake ya mazingira, ilichagua sauti 100 za kuenziwa nchini kote: kengele, mawimbi, ndege, hadi pilikapilika za mitaa.

#15 Mdau

Mmenishawishi. Kesho naanza. Nianzie wapi? Jiji ni kubwa.

#16 Mleta uzi

Anzia mlangoni kwako. Chagua sehemu moja unayopita kila siku, ambayo ukisimama hapo hakuna atakayekushangaa: kituo cha basi, ngazi za jengo, kona ya barabara. Rudi hapo kwa saa tofauti. Alfajiri, wakati wa msongamano, mchana wa jua kali, baada ya mvua, usiku mwingi. Mwakani rudi tena, kimo kilekile, maikrofoni ikielekea kulekule. Rekodi moja ya mahali hamsini itakuchosha na haitakwambia mengi. Mahali pamoja kwa miaka patakwambia.

Rekodi ndefu. Dakika kumi ndiyo iwe fupi. Mwanzoni watu watakutazama na kubadilisha sauti zao, wengine watapiga kelele makusudi; baada ya muda wanakuzoea na mahali panarudi kuwa penyewe. Nawe utulie: koti linalosugua, funguo, mafua, vyote vinaingia. Usisubiri tukio. Kama dakika nane hazina kitu zaidi ya magari na mlango mmoja, ndivyo mahali hapo palivyo, na ndicho atakachotaka kukijua anayekuja.

Ingia na ndani. Tumezungumzia barabara sana, lakini maisha ya mjini kwa sehemu kubwa yako ndani: foleni ya benki, chumba cha kusubiri, pampu ya maji ya ghorofa, televisheni ya jirani kupitia ukutani, ngazi za zege ambazo kila hatua inajibiwa na ghorofa ya juu. Huko kuomba ruhusa ni lazima, maana ni mahali pa watu.

Ukirudi nyumbani sikiliza yote siku hiyohiyo ukiwa bado unakumbuka, andika dakika na sekunde ya kila unachokitambua, na ambacho hukitambui andika hivyohivyo kwamba hukukitambua. Nakala mama usiiguse. Ukitaka kupunguza mvumo wa chini au kukata mwanzo na mwisho, fanya kwenye nakala ya pili.

Pa kupandisha: Freesound kwa sauti fupi zilizotenganishwa, radio aporee, ramani ya sauti ya dunia ambayo Udo Noll wa Ujerumani aliianzisha mwaka 2006, kwa rekodi ndefu za mahali. Kwenye ramani hiyo tazameni jinsi nukta zilivyojaa Ulaya na zilivyo chache katika majiji makubwa ya Afrika. Leseni unaichagua wewe, isome kabla ya kubonyeza. Mkishapandisha leteni viungo humu pamoja na mahali, tarehe na saa. Nitasikiliza zote kwa hedifoni na kumjibu kila mmoja.